UZI: Mpangaji, mratibu, MC, meneja wa ukumbi... nani hasa anafanya nini kwenye harusi?

#1 Kalamu_na_Ratiba

Habari za humu wadau. Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Ukumbi una mratibu wao, bado tunahitaji mpangaji?" au "Si MC ndiye anayeendesha kila kitu?" Naweka mgawanyo wa kazi kama ulivyo, wenye fani zenu mje mkosoe. Naanza na wanne wanaochanganywa zaidi, kwa sababu wote huonekana wakizunguka ukumbini na karatasi mkononi.

Mpangaji wa harusi anaanza mapema, miezi 9 hadi 12 kabla kama harusi ni kubwa. Anashika bajeti, anatafuta na kulinganisha watoa huduma, anasoma mikataba, anapanga nani alipwe lini, na anaangalia uamuzi mmoja usije ukagongana na mwingine. Ukichagua ukumbi usioruhusu kuning'iniza kitu darini, yeye ndiye wa kukwambia kabla hujatoa malipo ya awali ya mapambo ya kuning'inia.

Mratibu wa siku hapangi. Anapokea mpango uliokwisha kuamuliwa na kuutekeleza. Jina lake linadanganya, maana hiyo "siku" inaanza wiki 4 hadi 6 kabla: asome mikataba yote, ampigie kila mtoa huduma, aandike ratiba yenye dakika na jina la mhusika kwenye kila mstari, asimamie mazoezi. Anayesema atatokea asubuhi ya tukio bila kusoma chochote, huyo ni mgeni mwenye kitambulisho shingoni.

Meneja wa ukumbi ni mtu wa jengo. Umeme, maji, viyoyozi, vyoo, maegesho, usalama, saa ya kufunga. Hata kadi yake ikimwita "mratibu wa matukio", mwajiri wake ni mwenye ukumbi, na maslahi yenu yakipishana na ya jengo ujue atasimama wapi. Kumtafuta mtu wa keki aliyepotea njia si kazi yake, na hakosei akikataa.

MC anashika maiki. Anaongoza macho na masikio ya wageni. Haoni jikoni, haoni getini, kwa hiyo saa anaipokea kutoka kwa mratibu.

Kipimo rahisi: uliza kila mmoja wao, "Chakula kikichelewa dakika 20, nani anaamua hotuba ziletwe mbele?" Ukipata majina mawili tofauti, rudi mezani.

#2 msomaji_kimya

Asante kwa uzi. Swali: wageni 80, ukumbi mmoja, hakuna kuhama. MC mzoefu hawezi kubeba na uratibu humo humo? Naona kama kulipa watu wawili kwa kazi moja.

#3 Kipaza_Baridi

Si kazi moja mkuu. Chukua kipande kidogo tu, maharusi kuingia ukumbini. Mlango umefungwa. Nje, mratibu anahakikisha shela limenyooka, wasindikizaji wamejipanga kwa mpangilio uliokubaliwa, na mpiga picha ameshatangulia ndani, yuko katikati ya njia tayari kurudi kinyumenyume. Ndani, DJ ameuweka wimbo kwenye sekunde inayotakiwa, kidole kiko juu ya kitufe. MC ameshawasimamisha wageni. Mratibu anasema neno moja kwenye redio ya mkononi: "tayari". MC anatamka, DJ anabonyeza, mlango unafunguliwa. Yote hayo ni sekunde 15.

Sasa MC akiwa ndiye mratibu, nje ya mlango yuko nani? Wageni watasimama dakika 4, wimbo utafika nusu, na mlango utafunguka mpiga picha akiwa bado anabadilisha lenzi.

Halafu MC apewe haya kwa maandishi, angalau siku 3 kabla: majina yanavyotamkwa (siyo yanavyoandikwa tu), uhusiano wa kila anayetajwa na maharusi, aliyefariki, asiyetaka kuitwa mbele, na wazazi waliotengana wanaingiaje. Asipopewa atabahatisha, na atabahatisha kwenye spika.

Hotuba nazo zihesabiwe vizuri. Hotuba 6 za dakika 5 ni nusu saa kwenye karatasi. Ongeza kuitwa, kutembea, kurekebisha maiki, makofi: kila moja inakula dakika 2 na nusu zaidi. Andika 45.

#4 Kalamu_na_Ratiba

Naongezea kwa msomaji_kimya: kwa wageni 80 unaweza kumpa ndugu mwenye kichwa kilichotulia ashike mlango na simu. Awe na ratiba, awe na namba za watoa huduma wote, na asiwe mtu anayehitajika kwenye picha za familia. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Mnamteua dada wa bibi harusi, saa ya picha yuko mbele ya kamera, na gari la keki liko getini linauliza njia.

#5 Sufuria_Kubwa

Upande wa chakula. Watu wanaagiza kwa hesabu ya vichwa, wanasahau hesabu ya muda. Foleni moja ya bufee inayopita upande mmoja wa meza hupitisha watu 4 hivi kwa dakika. Wageni 300 ni dakika 75, meza ya mwisho inaanza kula wakati ya kwanza inataka kucheza. Meza hiyo hiyo ikichotwa pande zote mbili una foleni 2. Weka meza mbili za namna hiyo, foleni 4, na unashuka hadi dakika 20 hivi. Chakula ni kilekile, vinavyoongezeka ni vyombo, wahudumu na nafasi.

Na hapa ndipo tunapogombana na wapambaji. Meza ya bufee wanaisogeza ukutani wapate kupamba nyuma yake. Meza iliyogusa ukuta haichotwi pande mbili. Ramani ya ukumbi ipite kwa mpishi kabla haijawa ya mwisho.

La pili, joto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: chakula kilichopikwa kikae juu ya 60°C hadi kinapoliwa, cha baridi kihifadhiwe chini ya 5°C, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa hiyo mpishi anataka saa ya kupakua, siyo saa ya sherehe kuanza. Ratiba ikiteleza, apigiwe simu kabla hajafungua mapipa ya kutunzia joto. Akishapanga kila kitu mezani halafu MC akaita hotuba nyingine 3, hakuna mshumaa wa kupashia utakaookoa hali.

Idadi ya mwisho ya wageni tunaitaka siku 7 hadi 14 kabla, kutegemea mkataba. Mkumbuke kuhesabu watoa huduma wenyewe: mpiga picha na msaidizi, wa video, DJ, MC, mafundi, mratibu, madereva. Wakifika 14 hiyo ni zaidi ya meza nzima. Na wale mapema, wakati maharusi wanakula, kwa sababu hakuna anayetaka kupigwa picha akitafuna.

#6 PindaKitambaa

Sufuria_Kubwa umetuonea, ila nakubali la meza 😅

Mpambaji na mtaalamu wa maua si lazima wawe mtu mmoja. Mpambaji anashika vitambaa, viti, jukwaa, mandhari ya nyuma, taa za urembo, mpangilio wa meza. Mtaalamu wa maua anashika kitu kinachokufa. Anahitaji maji, kivuli, ubaridi na muda mfupi kati ya kupanga na kutumika. Maua mengi ya kukata hutunzwa kwenye 2 hadi 4°C, lakini ya nchi za joto kama anthuriamu na okidi huungua kwa baridi hiyo na kupata madoa meusi. Yanataka zaidi ya 10°C. Ukiona mtu anatia yote kwenye friji moja, muulize. Maua ya lili yaondolewe vile vijiti vya chavua kabla hayajakaribia gauni, maana doa lake la rangi ya chungwa ukilisugua kwa maji ndio umelipandikiza.

Vipimo ambavyo mwenye harusi anaweza kuvikagua mwenyewe:

Meza ya duara ya sentimita 150 inakaa watu 8 kwa raha, ya 180 inakaa 10. Kati ya ukingo wa meza na meza acha mita 1.5, kwa sababu viti viwili vinavyopeana mgongo vinakula karibu mita nzima na mhudumu mwenye sinia anataka pa kupita. Ukipanga hivyo, meza ya 180 inachukua eneo la mita 3.3 kwa 3.3, yaani karibu mita 11 za mraba kwa watu 10. Hapo hujaweka jukwaa, bufee, DJ wala pa kuchezea. Ukumbi ukiambiwa "unaingiza 300", uliza 300 waliokaa vipi. Viti vya safu peke yake ni hesabu nyingine kabisa.

Kitambaa cha meza: kipenyo cha meza jumlisha urefu wa meza mara mbili. Meza ya 150 yenye kimo cha 75 inataka kitambaa cha 300 kigusapo sakafu. Ukikodi cha 270, kitaning'inia sentimita 15 juu na miguu ya meza itaonekana kwenye kila picha.

Kuhusu kufunga vitu darini: ruhusa inatoka kwa meneja wa ukumbi, kwa maandishi, ikitaja sehemu za kufungia na uzito. Kitambaa kisizibe mlango wa dharura wala taa ya alama yake, na kisiguse taa zinazotoa joto. Hapo hakuna mjadala wa urembo.

#7 LenziMbili

Naomba taa tuzizungumzie kabla hazijanunuliwa. Mkiwasha taa za zambarau au bluu zikapiga nyuso za maharusi, hatuwezi "kurekebisha baadaye". Mwanga wa rangi moja hauna rangi nyingine za kuirudisha ngozi ilivyo, mtapata picha za watu wa zambarau au picha nyeusi na nyeupe. Rangi zipige ukuta na vitambaa. Jukwaa la maharusi lipate mwanga mweupe wa kutoka mbele, wa aina moja.

Mpiga picha na mpiga video ni kazi mbili hata wakitoka kampuni moja. Picha inataka kukamata nukta, video inataka mtu akae mahali asisogee, na sauti. Sauti ya video haitoki kwenye kamera. Inatoka kwenye maiki ndogo ya nguoni na kinasa sauti kilichochomekwa kwenye miksa ya DJ, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kwa hiyo wa video na DJ waongee kabla, wajue ni waya gani unahitajika.

Picha za familia: kila kundi dakika 3, na hiyo ni kama watu wapo. Makundi 15 ni dakika 45. Orodha iandikwe na maharusi, aikamate ndugu anayezijua sura, siyo sisi. Sisi hatumjui shangazi. Anza na makundi makubwa yenye wazee na watoto, halafu punguza watu.

Kwenye mkataba dai haya: jina la mtu atakayekuja kupiga (siyo jina la studio tu), saa ngapi za kazi na saa ya ziada inahesabiwaje, picha zinatoka baada ya wiki ngapi, na zinahifadhiwa vipi. Kamera iandike kwenye kadi mbili kwa pamoja. Baada ya tukio, nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, 1 ikae jengo jingine. Kadi isifutwe kabla ya hapo.

#8 FundiSauti

Kila mtu hapa ameongelea fani yake, hakuna aliyetaja umeme, na ndivyo inavyokuwa hadi usiku wa tukio.

Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inatoa karibu kilowati 3, basi. Birika kubwa la maji ya moto peke yake linaweza kuzimaliza. Mpishi analeta lake, mpambaji taa zake, DJ mitambo yake, kila mmoja kajijua yeye. Chukua jenereta ya kVA 20 (kVA ni kipimo cha uwezo wake, si kilowati kamili). Zidisha kwa 0.8 unapata kilowati 16, na usiikamue zaidi ya robo tatu, kwa hiyo panga 12. Vyombo 4 vya kupashia vya kilowati 1.5 ni 6. Birika kilowati 3. Taa 2. Mitambo ya muziki 4. Jumla 15. Imeshazidi, na hamjawasha feni hata moja.

Nani anajumlisha? Mpangaji anakusanya mahitaji ya wati kutoka kwa kila mtoa huduma wiki 3 kabla, meneja wa ukumbi anasema jengo linabeba kiasi gani, fundi umeme ndiye anayeunganisha na kugawanya. Muziki ukae kwenye laini yake, mbali na jiko na taa za kupunguza mwanga, la sivyo spika zitanguruma usiku kucha. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringishwa kwenye kigurudumu chake huku umebeba mzigo mkubwa, unapata moto hadi plastiki inayeyuka.

Na PindaKitambaa, tafadhali: usifunike spika kwa kitambaa kizito wala kuzisukuma nyuma ya mandhari. Kitambaa kinameza sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s na f. Wageni wanasikia mngurumo wa mtu anayeongea bila kumwelewa, fundi anaongeza sauti, spika zinapiga mluzi. Spika ziwe mbele ya anayeshika maiki, hajawahi kutokea mluzi ukaondoka kwa kumwambia mzungumzaji "sogea sogea".

Betri mpya za maiki ziwekwe kabla ya hotuba. Siyo zikizima.

#9 harusi_mwezi_wa_kumi

Nimechukua screenshot nusu ya uzi huu. Mbili tu: mtu wa mekapu aje saa ngapi? Na keki ni kazi ya nani baada ya kuletwa?

#10 Kalamu_na_Ratiba

Mekapu hesabu kurudi nyuma. Tuseme mnaondoka saa 7:00 mchana, kuvaa gauni dakika 45, kwa hiyo nyuso ziwe tayari saa 6:15. Bibi harusi dakika 90, wasindikizaji 5 kwa dakika 40 kila mmoja ni 200. Jumla 290. Mtaalamu mmoja aanze saa 1:25 asubuhi. Wakiwa wawili, mmoja anamchukua bibi harusi na msindikizaji 1 (dakika 130), mwingine wale 4 (dakika 160), mnaanza saa 3:35. Hapo nywele bado, na nywele zina mtu wake na foleni yake, hakikisha hazimtaki mtu mmoja kwa dakika ileile.

Bibi harusi asiwe wa mwisho. Awe wa kabla ya mwisho. Wa mwisho ndiye anayebeba ucheleweshaji wa wote.

Keki namwachia mwenyewe.

#11 Keki_Ghorofa

Keki ndiyo kitu kinachogusa watu wengi kuliko wote. Mtengenezaji anaileta, anaipanga, anasaini makabidhiano, anaondoka. Meza analeta mpambaji. Meza hiyo iwe imara, isiyumbe ukiisukuma kwa kidole, isiwe chini ya kiyoyozi wala dirisha la jua. Kisu na sahani ni za mpishi. Kukata vipande baada ya picha ni mhudumu wa mpishi, na hilo liandikwe, maana mara nyingi hakuna aliyeagizwa na keki inarudi nyumbani nzima.

Krimu ya siagi huanza kulegea joto likikaribia 30°C. Kama sherehe ni ya nje mchana, ama chagua kufunika kwa fondanti (tabaka la sukari linalokandwa kama unga), ama keki itoke dakika chache kabla ya kukatwa. Fondanti nayo ikitolewa kwenye friji na kupelekwa penye unyevu inatoka jasho na kung'aa kama imepakwa mafuta. Keki ya ghorofa lazima iwe na vijiti ndani na kibao chini ya kila ghorofa, bila hivyo ya juu inazama kwenye ya chini. Kwenye gari inakaa sakafuni, kiti kina mteremko.

Maua ya keki: mtaalamu wa maua anayaleta, ila mtengeneza keki ndiye anayeyaweka, mashina yakiwa yamefungwa. Oleanda kwa mfano ni sumu, haifai kukaa karibu na chakula hata kama inapendeza.

#12 msomaji_kimya

Mpangaji analipwaje lakini? Nimeambiwa asilimia, mwingine bei moja.

#13 Kipaza_Baridi

Njia zote mbili zipo. Asilimia ya bajeti ina ubaya wake, bajeti ikipanda na malipo yake yanapanda, kwa hiyo hana sababu kubwa ya kukupunguzia. Bei moja ni safi zaidi, mradi mkataba useme ni vikao vingapi na nini hakimo. Ila swali zito ni kamisheni. Uliza waziwazi kama anapokea chochote kutoka kwa watoa huduma anaowapendekeza. Akisema ndiyo na kuandika ni kiasi gani, si dhambi. Akikasirika, umeshajibiwa.

#14 Kalamu_na_Ratiba

Nakazia hapo, halafu niongeze wawili walioachwa. Mfungishaji ndoa hasimamii sherehe. Anachohitaji ni nyaraka, mashahidi na saa, na sheria za nyaraka mkaulize ofisi husika mapema. Wakaribishaji wageni wapewe ramani ya meza iliyopangwa kwa majina kwa alfabeti, siyo kwa namba za meza, kwa sababu mgeni anafika na jina lake, namba hajui.

#15 harusi_mwezi_wa_kumi

Na mwisho wa sherehe nani anabaki? Kila mkataba niliosoma unaishia kwenye muziki.

#16 PindaKitambaa

Uliza hilo kabla ya kusaini. Ukumbi ukifungwa saa 6 usiku, muziki unazimwa saa 5, si saa 6 kasorobo. Kubomoa kunataka angalau saa nzima, na saa zilizopitiliza ukumbi unatoza. Vitu vya kukodi vinahesabiwa pale pale, mpambaji na mratibu wakiwa pamoja, karatasi ya kupokelea mkononi: viti, vitambaa, vase, vishikio vya mishumaa. Kitambaa chenye nta au doa kinawekwa kando na kupigwa picha. Kisichohesabiwa usiku huo kitahesabiwa kesho yake mkiwa hampo. Zawadi na bahasha zisingoje hesabu hiyo, zitoke mapema na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba, na gari lake liwe karibu na mlango. Wa mwisho kutoka ni mratibu na meneja wa ukumbi, wakishapita vyumba vyote pamoja na kusaini.